Siku Zamu ya Pili Ilipokatazwa Sindano

Jiwe la kwanza liligonga bati la zahanati, la pili likapasua kioo cha dirisha, na la tatu likatua juu ya meza ya dawa, karibu kabisa na kiwiko cha Sekela Mwambipile. Sekela hakuinama. Alilisukuma kando kwa daftari, akaendelea kuandika. Ilikuwa saa mbili ya asubuhi, Jumatano, siku ya sindano, na uani pa zahanati ya Itulo walisimama watu mia mbili na kumi na wanne. Wote walimjua kwa jina, na asubuhi hiyo wote walimtakia mabaya.

"Fungua kanda zetu, nesi!"

"Unaringa kwa sababu ya kidole? Tutakikata!"

"Mchawi mkubwa wewe!"

Kila mmoja wao alivaa ukanda mpana wa mpira juu ya kiwiko, na katika kila ukanda iliwaka taa ndogo nyekundu. Ndani ya ukanda mlikuwa na dawa ya nusu mwaka, sindano nyembamba kama unywele, na kijichombo kilichopima joto la mwili na mapigo ya moyo. Kila baada ya wiki mbili nesi aliweka kidole gumba juu ya bao lake la kioo, lililounganishwa na kanda zote, taa zikageuka kijani, na mwenye ukanda akaufungua mkononi, akaukandamiza kwenye paja au tumbo, akahesabu hadi kumi, kisha akauvaa tena. Kilitakiwa kidole chenye damu inayotembea. Cha maiti kisingefungua kitu. Bila taa ya kijani, lango la kiwanda lisingemfungukia mtu. Siku tatu za taa nyekundu, na jina lake lilifutwa katika orodha ya zamu, pamoja na nyumba aliyopewa.

Saa kumi na mbili ya asubuhi, kabla ukungu haujaondoka juu ya mashamba ya pareto, Sekela alikuwa amegusa bao na kufunga kanda zote za zamu ya pili. Mlangoni alibandika karatasi yenye mstari mmoja: *Zamu ya pili haitajichoma hadi vifua vyote vipimwe.*

Ukanda wake mwenyewe ulikuwamo katika hesabu hiyo. Siku yake ya sindano ilikuwa ileile, na taa yake ilikuwa nyekundu kama za wengine.

Mgodi wa lithiamu wa Itulo ulifungwa kabla Sekela hajazaliwa, lakini maji yake hayakufungwa. Yaliendelea kupenya visimani na mitoni, na katika familia ambazo tayari zilikuwa na mbegu ya ugonjwa wa soriasisi, maji yale yaliuamsha. Watu waliota mabaka mekundu yaliyofunikwa na magamba meupe: kichwani, viwikoni, magotini, mgongoni. Ugonjwa wenyewe hauambukizi hata chembe, ila nani angewaamini? Kote kule chini bondeni waliitwa Wanamagamba. Hotelini walipewa chai kwenye kopo, na kanisani benchi lilibaki tupu pande zao zote mbili.

Kisha kikaja kiwanda cha vioo, vioo vikubwa vilivyorushwa juu ya mawingu ili vielekeze mwanga wa jua kwenye nchi zenye giza refu. Kioo kimoja kilisuguliwa kwa miezi minne, na gamba moja la ngozi likidondoka juu yake, kazi yote ilikuwa bure. Kwa mkataba wa ardhi kiwanda kililazimika kuajiri wenyeji. Kwa hiyo kikaleta dawa.

"Dawa hii haiponyi," Sekela aliwaambia wote siku ya kwanza ya mafunzo, na alirudia kila mwaka. "Mwili wenu una askari wanaoishambulia ngozi yenu wenyewe. Ngozi inayopaswa kukua kwa mwezi, inakua kwa siku nne. Dawa inawalaza hao askari. Lakini askari akilala, amelala kwa wote. Mwizi akija kwa mlango mwingine hamkuti mlinzi. Ukiwa na homa, usijichome. Una kikohozi, jipu au kidonda kinachotoa usaha, usijichome. Njoo kwangu kwanza."

Walimsikiliza, wakapiga makofi, kisha wakajifunza kumdanganya. Mwenye homa alijifungia viazi vibichi vya baridi kwa kitambaa juu ya ukanda, ili kipimo kisome joto la kawaida. Mwenye kikohozi alikohoa nyuma ya choo. Na dawa yenyewe ilikuwa na hila yake: mwili uliolazwa askari wake mara nyingine haupandishi homa hata ukioza ndani. Ukanda ulisema kijani, na mtu alikuwa mgonjwa.

Ndiyo maana Ijumaa iliyopita Sekela hakuutazama ukanda wa mtu aliyekuja kulalamika kwamba mgongo unamuuma. Alitazama mkanda wa suruali yake. Ulikuwa umetobolewa matundu mapya matatu kwa msumari.

"Kohoa humu," alimwambia, akampa kikopo.

"Nimekwambia mgongo, dada."

"Nimekusikia. Kohoa."

Majibu ya maabara yaliingia asubuhi hiyo ya Jumatano, kabla ya saa kumi na mbili. Yalikuja na namba tu, na jina la mwenye namba lilikuwa katika daftari la Sekela peke yake. Kifua kikuu, na cha kuambukiza. Alimtumia mwenye namba ujumbe aje mapema, kabla ya wenzake. Hakuja.

*

Mlango wa nyuma ulifunguliwa bila hodi. Aliingia Bwana Halinga, msimamizi mkuu wa kiwanda, mwanamume mrefu mwenye barakoa nyeupe na viatu visivyojua matope.

"Ni nani?" aliuliza.

"Habari za asubuhi, Bwana Halinga."

"Nimeuliza, ni nani? Maabara wameniletea taarifa ya namba. Nataka jina. Gari lipo nyuma. Kabla ya saa nne atakuwa ameshushwa bondeni na familia yake, na hawa wengine watajichoma waende kazini."

"Ukimtoa yeye, hujaitoa hewa aliyoikohoa."

"Hewa ya kiwanda inachujwa. Hakuna hewa safi kuliko ile nchi nzima."

"Inachujwa inayokwenda kwenye kioo," Sekela alisema. "Chumba cha kubadilishia nguo hakina chujio. Wanakaa humo watu mia mbili, nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, madirisha yamefungwa. Nimekuandikia barua mbili kuhusu chumba hicho."

Halinga alikaa juu ya kona ya meza. Nje mtu alianza kupiga debe, wengine wakamfuata.

"Unataka siku ngapi?"

"Sita za kuwapima. Atakayekutwa na kifua kikuu kilicholala atameza vidonge mwezi mmoja kabla ya kugusa sindano tena. Tukimchoma leo, kile kilicholala kitaamka, na safari hii hakitakutana na askari yeyote. Kitapanda hata kwenye ubongo."

"Mwezi! Na sheria ya siku tatu?"

"Sheria mliitunga ninyi. Mnaweza kuitengua."

Msimamizi alicheka kidogo puani. Akashusha barakoa, na Sekela akaona kwamba hakuwa na hasira hata kidogo. Hilo lilimtisha kuliko mawe.

"Nesi, mimi sijui jina, lakini najua kitu kingine. Kila aliyeingia zamu ya pili alipigwa picha ya kifua kabla ya sindano ya kwanza, na chini ya kila picha pana sahihi yako. Sasa niambie. Huyu mtu kifua chake kilikuwa safi miaka miwili iliyopita? Au hakikupigwa picha kabisa?"

Kiwiko cha kushoto cha Sekela kilianza kumwasha, akakishika.

Aliikumbuka siku ile vizuri mno. Mashine ya picha ilikufa wakiwa wamebaki watu kumi na tisa, na kiwanda kilikuwa kinafunguliwa kesho yake. Kumi na wanane aliwarudisha nyumbani wasubiri fundi, na waliposubiri, walitukana hadi sauti zikawakauka. Wa kumi na tisa hakutukana. Alikuwa na magamba kutoka utosini hadi visiginoni, shati limegandamana na damu mgongoni, na alisema kwa sauti ya chini, "Dada, nipe ngozi tu. Kifua changu kizima. Tangu nizaliwe hakuna aliyenipa mkono kanisani." Sekela naye alikuwa Mwanamagamba. Hakuna aliyempa yeye mkono pia. Akaandika *safi*, akasaini.

Mtu huyo alikuwa Ngwisa Kasebele, na sasa yeye ndiye aliyekuwa akipiga debe nje.

"Naona umekumbuka," Halinga alisema. "Basi tuelewane. Fungua kanda. Huyo mtu wako mtibu kimyakimya, mwambie ana vidonda vya tumbo, mpe vidonge vyake. Mimi sitauliza, wewe hutajibu. Ukikataa, wakaguzi wa afya watakuja, wataomba picha, na wa kwanza kushushwa bondeni utakuwa wewe."

Kwa muda Sekela alilipima jambo hilo kwa uzito wote. Asiseme mtu kwamba hakushawishika. Aliliona bao pale mezani, umbali wa mkono mmoja. Kugusa tu. Huenda wengi vifua vyao vilikuwa vizima. Huenda hata mmoja asingekufa. Na yeye angebaki na kazi yake na ngozi yake.

"Sifungui," alisema.

"Sawa." Halinga alipandisha barakoa. "Basi nakuachia watu wako."

Dakika mbili baadaye askari wawili wa lango waliokuwa wamesimama mlangoni pa zahanati waliondoka bila kugeuka nyuma. Kisha kipaza sauti cha kiwanda kikanguruma mji mzima: "Wafanyakazi wa zamu ya pili mnatangaziwa. Kiwanda hakina pingamizi lolote na sindano ya leo. Kufungwa kwa kanda ni uamuzi wa muuguzi peke yake. Sheria ya siku tatu ipo palepale."

Mngurumo uliotoka uani haukuwa wa maneno.

*

Walimtuma Ngwisa aingie kuzungumza, kwa kuwa ndiye kiongozi wa wafanyakazi wa zamu. Alikuwa na miaka thelathini na saba, ngozi nyororo kama ya mtoto, na koti lililomning'inia mabegani kana kwamba lilikuwa la kaka yake.

"Una dakika kumi, nesi. Baada ya hapo siwezi kuwazuia, na sijui kama nataka kuwazuia."

"Kwa nini hukuja nilipokuita?"

"Nije mapema ili uninunue? Nilijua kuna jambo unataka nikubali niwashawishi wenzangu."

"Funga mlango, Ngwisa."

"Sema tu."

"Funga mlango."

Alifunga. Sekela alisimama, akafungua dirisha la nyuma hewa ipite, akavaa barakoa, akamwekea nyingine mezani. Ngwisa aliitazama ile barakoa, na kabla hajaambiwa neno uso wake ulikuwa umeshaanza kubadilika.

"Makohozi yako yana vijidudu vya kifua kikuu. Si vichache. Unaambukiza. Mgongo unaouma huenda nao ni ugonjwa uleule, umeingia kwenye mfupa. Unatibika. Miezi sita, labda zaidi kwa ajili ya mgongo, lakini unatibika. Sindano ndiyo huwezi kuigusa."

"Muongo."

"Unatokwa na jasho mpaka shuka linalowa. Shati lako la Ijumaa lilikuwa na chumvi mgongoni."

"Muongo wewe!" Alipiga meza, vichupa vikaruka. Halafu kikohozi kikampata, kirefu, kikamkunja katikati. Alipoinuka alifuta mdomo kwa mkono na kuuficha nyuma.

"Ulinipitisha wewe," alisema. "Uliandika kifua changu safi."

"Niliandika."

"Bila picha."

"Bila picha. Kosa ni langu, nami nitalijibu. Lakini wale walioko nje wamevuta hewa yako kwa miezi. Mkeo Atupele ni wa kwanza."

Jina la mkewe lilimfanya ageukie mlango. Walikuwa wameoana mwaka uliopita. Atupele alisugua vioo meza ya tatu, na ukanda wake ulikuwa mwekundu pale nje pamoja na za wengine.

"Ukisema jina langu," Ngwisa alisema polepole, "watanichoma moto. Unawajua hawa. Watasema Kasebele ametuua, Kasebele ametunyang'anya ngozi. Na kiwanda kitamtupa mke wangu bondeni pamoja nami. Nani kule atampa hata maji?"

"Sitalisema. Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa."

"Basi fungua kanda."

"Hapana."

"Fungua, nikatibiwe kimya!"

"Umekuja na maneno ya Halinga bila kujua, au amekutuma?"

Ngwisa alimtazama kwa chuki safi, isiyochanganyika na kitu. Aliitupa barakoa sakafuni.

"Ulinipa ngozi ukanipa na kaburi," alisema. "Laiti ungenirudisha nyumbani kama wale kumi na wanane."

Akatoka. Sekela alisikia sauti yake kwenye ngazi, ikipanda juu ya kelele zote: "Amekataa! Hana sababu yoyote! Amekataa tu!"

*

Mlango ulikuwa wa mbao nyepesi, haukuchukua hata mateke manne. Aliyeingia mbele alikuwa Mama Tusekile, mkuu wa meza ya kwanza, mwanamke wa makamo mwenye mikono ya nguvu. Miaka kumi iliyopita, kabla ya kiwanda, Sekela alimpaka mafuta mgongoni kila siku kwa miezi mitatu, wakati watoto wake mwenyewe waliona kinyaa kumgusa. Ni yeye aliyemkamata kifundo cha mkono.

"Nisamehe, mwanangu," alisema, huku akikisokota. "Sirudi kule. Siwezi kurudi kule."

Walimkokota hadi kwenye ngazi ya mbele, pamoja na bao lake. Watu walisogea wakabanana. Mate yalimpata shavuni, mtu alimvuta nywele. Sekela alipaza sauti hadi koo likauma.

"Nisikilizeni! Katika zamu yenu yumo mwenye kifua kikuu! Mimi nilimsaini bila kumpiga picha! Kosa ni langu! Wengi wenu kimeshawaingia na kimelala, mkijichoma leo kitaamka! Nipeni siku sita!"

Waliokuwa mbele wakaangaliana.

"Nani?" mtu aliuliza.

"Mtaje!"

"Siwezi kumtaja."

"Hayupo!" alipiga kelele kijana mmoja mrefu wa meza ya pili, aliyeitwa Lusajo. "Angekuwepo angemtaja! Anatutisha ili atumiliki!"

Mama Tusekile alikifungua kidole gumba cha Sekela kutoka ndani ya ngumi kama mtu anayemenya ndizi, akakikandamiza juu ya bao. Sekela alihisi ubaridi wa kioo, kisha mtikisiko mdogo. Uani kote taa zikageuka kijani, mia mbili na zaidi kwa mpigo mmoja, na watu wakashangilia huku wengine wakilia.

Lusajo alikuwa wa kwanza. Alipandisha shati, akaukandamiza ukanda tumboni, akahesabu kwa sauti akimtazama Sekela machoni: moja, mbili, tatu. Wengine walimfuata. Bao lilikuwa bado limelala mbele ya Sekela, likionyesha idadi ya sindano zilizokwisha kuingia mwilini. Nne. Tisa. Kumi na tano.

Alijaribu kukirudisha kidole kwenye bao ili afunge tena, lakini walimshika mikono yote miwili. Katikati ya umati alimwona Ngwisa, amesimama kama gogo, ukanda wake haujaguswa. Hatua tatu kutoka kwake, Atupele alikuwa ameinua gauni juu ya paja na kuusogeza ukanda, midomo yake ikijiandaa kuhesabu.

Ishirini na moja. Ishirini na tatu.

Sekela alifungua mdomo.

"Atupele! Usichome!"

Sauti haikuwa yake. Ngwisa alikuwa ameruka, akaupiga ukanda mkononi mwa mkewe, ukaenda kuvunjika ukutani. Atupele alimtazama kwa mshangao, mkono bado uko hewani.

"Usichome," Ngwisa alirudia, na sasa alikuwa akikohoa. "Ni mimi. Anayemsema ni mimi. Nina... majibu anayo. Msichome. Mungu wangu, msichome."

Alikohoa tena, na safari hii hakuuficha mkono. Waliokuwa karibu waliona damu. Duara likafunguka kumzunguka, pana na la haraka, kama wanavyojua kulifungua watu ambao maisha yao yote wamefunguliwa wao duara la namna hiyo. Atupele peke yake alibaki ndani yake.

Mama Tusekile aliuachia mkono wa Sekela. Sekela akaweka kidole juu ya bao, na taa zote zikawa nyekundu.

*

Vipimo vilichukua siku saba badala ya sita. Watu hamsini na wanane walikutwa na kifua kikuu kilicholala, Sekela mmoja wao. Katika wale ishirini na watatu waliokuwa wamekwisha kujichoma, saba walikuwa nacho. Sita waliwahiwa kwa vidonge. Wa saba alikuwa Lusajo. Hakukubali kumeza dawa iliyotoka kwa Sekela, akasubiri nesi mwingine ambaye hakuja, na katika wiki ya saba alianza kuumwa kichwa, akapoteza maneno, akafariki Jumapili mchana huku mama yake akimwimbia.

Mama huyo alikuja zahanati siku ya pili ya matanga, akasimama mlangoni, akamwambia Sekela jambo moja tu: "Ungemtaja mapema, mwanangu asingejichoma." Akaondoka. Sekela alijua lilikuwa kweli.

Wakaguzi walikuja, wakaomba picha mia mbili na kumi na nne, wakakuta mia mbili na kumi na tatu. Sekela alinyang'anywa cheti. Halinga alihamishiwa kiwanda kikubwa zaidi, na waliomwona akiondoka walisema alikuwa akitabasamu. Sheria ya siku tatu iliondolewa kwa amri ya wakaguzi, lakini hapakuwa na mtu Itulo aliyesema imeondolewa kwa sababu ya nesi. Walisema nesi aliwaletea kifua, akawanyima ngozi, akamuua Lusajo. Sokoni walimwuzia viazi bila kumtazama.

Wagonjwa wa kifua walitengewa kambi katika majengo mawili ya zamani ya mgodi, madirisha yake yote wazi, upepo wa baridi unapita usiku na mchana. Muuguzi mwenye cheti alikataa kupanda Itulo, hivyo wakaguzi wakamruhusu Sekela agawe vidonge kama mhudumu, bila sare na bila kuitwa nesi. Bila sindano, mwili wake ulikuwa umerudi ulivyokuwa zamani. Viwiko, magoti, kisha kichwani, magamba yakidondoka kwenye mabega ya sweta lake jeusi.

Ngwisa alikuwa kitanda cha mwisho, kando ya ukuta. Mfupa wa mgongo ulikuwa unapona na alikuwa ameongezeka kilo nne, ila ngozi ilikuwa imemrudia kwa kisasi. Alilala kifudifudi kwa sababu mgongo haukuvumilia shuka. Miezi miwili hakumwambia Sekela neno. Alimeza vidonge mbele yake, akafungua kinywa aonyeshe kwamba vimekwenda, akageukia ukutani. Atupele alimletea chakula mchana, akakaa nje ya dirisha, na wawili hao walizungumza kwa sauti ndogo. Sekela alipopita walinyamaza.

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu alimpa vidonge na kikombe cha maji, naye Ngwisa hakuvipokea.

"Nataka kukuuliza."

Sekela aliweka kikombe kando ya kitanda.

"Siku ile walipokushika kwenye ngazi. Kanda zimeshafunguka, watu wanajichoma. Nilikuwa nakutazama." Sauti yake ilikuwa kavu, haina urafiki. "Watu wanasema ulikuwa tayari kufa kuliko kunitaja. Mke wangu anasema hivyo. Anasema nikushukuru. Mimi nataka kujua kama ni kweli, maana kama si kweli sitaki kubeba shukrani ya bure."

Upepo ulipiga pazia la gunia. Kitanda cha tatu mtu alikohoa, akatema kwenye kopo lake, akalifunika.

Sekela angeweza kumdanganya. Lingekuwa jambo jema moja lililobaki Itulo lenye jina lake.

"Nilikuwa nimeshafungua mdomo," alisema. "Ulinitangulia."

Ngwisa alijiinua kwa kiwiko.

"Sitakusamehe," alisema.

"Sijakuomba."

Alinyoosha mkono, mkono mwekundu uliopasuka kwenye viungo, akachukua vidonge kutoka kwenye kiganja cha Sekela ambacho nacho kilikuwa kimepasuka vivyo hivyo. Alivimeza kimoja kimoja. Alipomaliza akafungua kinywa, na Sekela akainama kuangalia.